Mali ikifika Sandoa imevunjika, andika kabla ya kutia saini

Televisheni iliyonunuliwa Lubumbashi inashushwa Sandoa, kioo kimepasuka. Mchuruzi anagombana na shofa, anapunguziwa kidogo bei ya usafiri, kisha anatia saini kwamba amepokea mali. Saini hiyo inaweza kumkosesha malipo.

Kutoka Lubumbashi, mali inapita Likasi na Kolwezi kabla ya kushika njia ya Sandoa. Katika safari hiyo ndefu vitu vinapakiwa, vinashushwa na kutikiswa, hasa wakati wa mvua. Bila maandishi, ni vigumu kuonyesha vilivunjikia mikononi mwa nani.

Sheria ipo. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria ya OHADA juu ya usafirishaji wa mali kwa barabara, iliyopitishwa mwaka 2003, inatumika hapa nchini. Kama uharibifu unaonekana kwa macho, mpokeaji anapaswa kumwandikia msafirishaji si zaidi ya siku ya kwanza ya kazi baada ya kupokea. Kama umejificha ndani ya karatoni, ana siku 7, bila kuhesabu Jumapili na sikukuu. Akinyamaza, sheria inachukua kwamba mali ilifika salama, mpaka yeye mwenyewe aonyeshe kinyume. Kudai malipo nako kunafanywa kwa maandishi, ndani ya siku 60. Kwa kawaida, kesi haipokelewi tena baada ya mwaka 1.

Kuna jambo lingine ambalo wachuruzi wengi hawalijui. Msafirishaji halipi zaidi ya franka CFA 5.000 kwa kila kilo. Televisheni ya kilo 10 haiwezi kulipwa zaidi ya franka CFA 50.000, yaani karibu euro 76, hata kama ilinunuliwa dola 300. Karatoni ya simu yenye kilo 5 ni nusu ya hapo. Ili kupita kipimo hicho, thamani ya mali inapaswa kuandikwa mapema kwenye karatasi ya safari, ile inayoitwa lettre de voiture. Tena, mali iliyofungwa vibaya inampa msafirishaji njia ya kukataa kulipa.

Hapo ndipo bima, ile asiransi, inasaidia: inafuata bei iliyoandikwa katika mkataba, si kilo. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko lililokuwa la SONAS peke yake, na tangu 2019 kampuni nyingine zilipata ruhusa ya kufanya kazi.

Lakini bima nayo inataka ushahidi. Ikishamlipa mteja, inamgeukia msafirishaji ili irudishiwe feza. Mteja aliyetia saini bila kuandika lolote ameifungia mlango huo, na anaweza kukataliwa au kupunguziwa malipo.

Kwa hiyo, fungua karatoni mbele ya shofa. Andika kilichovunjika juu ya karatasi ya kupokea, naye atie saini. Piga picha pamoja na namba ya lori. Chunga fakturi, na usitupe kilichovunjika kabla bima haijakiangalia. Soma katika mkataba siku ulizopewa za kutoa habari. Kampuni ya bima ikikataa bila sababu, malalamiko yanapelekwa ARCA, mamlaka inayosimamia bima, mjini Kinshasa.

Kama shofa ana haraka, aandike kwanza, ndipo aende.