Jeni na Saratani ya Umio: Haja ya Istilahi Mbili

Saratani ya umio ni ya namna kuu mbili. Ile ya seli bapa za utando wa ndani ndiyo iliyoenea zaidi Afrika Mashariki. Ile ya seli za tezi hutokea hasa sehemu ya chini, karibu na tumbo, nayo huonekana zaidi Ulaya magharibi na Marekani. Uchunguzi wa sampuli 164 za uvimbe, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa kwa upande wa jeni namna hizi zatofautiana sana, hata ile ya seli bapa yafanana zaidi na saratani za seli bapa za viungo vingine kuliko na mwenziwe wa umio.

Karibu kila seli ya mwili hubeba jeni zile zile. Tofauti ni zipi zitumikazo, na kwa kiasi gani. Jeni itumikapo, nakala yake hutolewa katika RNA, na kwa nakala hiyo protini hutengenezwa. Jambo hilo huitwa udhihirisho wa jeni, na wingi wake hupimwa katika kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe.

Kipimo hicho chaweza kujibu maswali mawili yasiyo sawa. La kwanza: ugonjwa utakwendaje, tiba iwayo yote? La pili: dawa fulani itafaa? Kwa mfano, protini iitwayo HER2 ikizidi katika saratani ya seli za tezi mahali umio uunganapo na tumbo, tabibu hutazamia kuwa trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huo mwaka 2010, yaweza kusaidia. Hilo ni jibu la swali la pili. Ama kuhusu swali la kwanza, yaani kama HER2 yenyewe hufupisha maisha, matokeo ya watafiti hayajapatana.

Tukiyaita yote mawili “kiashiria cha ubashiri”, mgonjwa aliyeambiwa kuwa anacho atadhani amehukumiwa. Kumbe huenda amefunguliwa mlango wa dawa. Yafaa basi tuseme “kiashiria cha mwenendo” kwa la kwanza, na “kiashiria cha mwitikio” kwa la pili. Kitenzi “tabiri” tukiepuke, kwa kuwa kina harufu ya ramli. Kiashiria cha mwenendo hueleza yaliyolipata kundi la wagonjwa. Hakimwagulii mtu mmoja siku zake. Na kilichothibitishwa kwa saratani ya tezi hakiwezi kuhamishiwa kwa wagonjwa wetu wa seli bapa pasipo kupimwa upya.