KICHEFUCHEFU KWA WANAOREJEA MAZOEZINI: SABABU ZAKE NA HATUA ZA KUCHUKUA

Kila unapoingia Mfunguo Mosi, viwanja na fukwe za Unguja na Pemba hujaa tena watu wanaofanya mazoezi ya viungo. Wengi wao ni wanachama wa vikundi vya mazoezi waliosita katika mwezi wa Ramadhani. Wengine walisita kwa miaka kadhaa kwa sababu ya kazi, uzazi au maradhi. Katika siku za mwanzo si ajabu kumwona mtu aliyekuwa hodari wa mchakamchaka akitoka pembeni, ameshika magoti, akitapika au akilalamikia kisunzi. Baadhi yao hurudi nyumbani wasije tena, kwa kudhani kuwa mazoezi hayawafai. Wapo pia wanaojilazimisha kuendelea, kwa kuamini kuwa kutapika ni kutoa uchafu mwilini. Imani zote mbili si sahihi, na hiyo ya pili yaweza kuhatarisha maisha.

Kinachotokea mwilini

Mtu akiwa amepumzika, karibu robo ya damu inayosukumwa na moyo hupita kwenye tumbo, matumbo na ini. Anapokimbia kwa nguvu, misuli huhitaji oksijeni kwa wingi, na mwili hubana mishipa ya tumboni ili damu ielekezwe huko. Katika jitihada kubwa kabisa, zaidi ya asilimia 80 ya damu inayosukumwa huenda kwenye misuli. Tumbo likikosa damu ya kutosha, kazi ya kusaga chakula hupungua sana, na kilichomo hubaki humo kikisukwasukwa. Wakati huo huo asidi huongezeka katika damu kutokana na misuli iliyozidiwa, na homoni za dharura hupanda. Ubongo hupokea taarifa hizo zote, na mtu huhisi kichefuchefu.

Hali hii humpata hata mwanariadha bingwa akijisukuma hadi kikomo chake. Tofauti ni kwamba kwa mtu aliyesita, kikomo hicho kimesogea karibu.

Kwa nini aliyekuwa hodari huzidiwa

Mwili haupotezi uwezo wake wote kwa wakati mmoja. Majimaji ya damu huanza kupungua siku chache tu baada ya mazoezi kusita, na baada ya wiki mbili hadi nne uwezo wa moyo na pumzi huwa umeshuka. Nguvu za misuli hudumu kwa muda mrefu zaidi, na ustadi wa kukimbia au kucheza mpira hausahauliki kwa urahisi. Matokeo yake ni kuwa miguu hukumbuka kasi ya zamani, ilhali moyo hauwezi tena kuihudumia. Anayeanza kwa mara ya kwanza huenda kwa hadhari. Anayerejea huanzia pale alipoachia, tena akishindana na wenzake ambao hawakusita.

Mambo yanayozidisha

Jambo la kwanza ni chakula. Mlo kamili huhitaji saa mbili hadi tatu kabla ya mazoezi mazito, na vyakula vya mafuta mengi kama biriani na sambusa hukaa tumboni kwa muda mrefu zaidi. Kwa upande mwengine, mtu anayetumia sindano au baadhi ya vidonge vya kisukari anaweza kushukiwa na sukari akifanya mazoezi na njaa.

Jambo la pili ni maji. Kupungukiwa na maji huongeza kichefuchefu, na kunywa maji mengi kupita kiasi hupunguza chumvi katika damu na huleta madhara yake. Inafaa kunywa kidogo kidogo, kabla, wakati na baada ya mazoezi.

Jambo la tatu ni joto. Katika msimu wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, hewa ya visiwani huwa na unyevu mwingi, na jasho halikauki upesi. Damu hulazimika kwenda kwenye ngozi ili kupoza mwili na kwenye misuli kwa wakati mmoja, na tumbo huzidi kukosa. Mwili huhitaji siku 7 hadi 14 kuzoea kufanya kazi katika joto. Kwa hiyo wakati bora ni asubuhi baada ya sala ya Alfajiri, au jioni jua linapopoa.

Jambo la nne ni kusimama ghafla baada ya mbio. Damu hutuama miguuni, na mtu huona kisunzi au huzimia.

Namna ya kurejea

Inashauriwa kuwa katika wiki mbili za mwanzo mtu afanye nusu ya alichokuwa akifanya, au chini ya hapo. Kipimo chepesi ni mazungumzo: akishindwa kumaliza sentensi bila ya kuhema, apunguze kasi. Muda uongezwe kwanza, kasi baadaye. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataja dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki kwa mtu mzima. Kiwango hicho kifikiwe kwa hatua.

Kichefuchefu kikianza, mtu apunguze mwendo, atembee taratibu, aende kivulini na anywe maji kwa mafunda madogo. Akiona kisunzi, alale chali na ainuliwe miguu. Kikijirudia kila mara hata kwa mazoezi mepesi, amwone daktari.

Dalili za hatari

Kichefuchefu kinachoambatana na maumivu ya kifua, mkono au taya, jasho baridi, au kukosa pumzi huweza kuwa dalili ya mshtuko wa moyo. Kwa wanawake na wenye kisukari, maumivu ya kifua huweza kuwa madogo au yasiwepo kabisa. Mtu aliyepata joto kali na kuanza kuchanganyikiwa apozwe kwa maji mara moja huku akipelekwa hospitali. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, pamoja na maumivu makali ya misuli, ni ishara kuwa misuli imeharibika na figo zimo hatarini. Aidha, kichefuchefu chenye homa kisihesabiwe kuwa ni cha mazoezi. Mhusika apimwe malaria.

Wenye shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo, wajawazito, na waliojifungua karibuni wanashauriwa kumwona daktari kabla ya kurejea.

Viongozi wa vikundi wanaombwa kutenga safu ya peke yake kwa wanaorejea, yenye mwendo wake na mapumziko yake, na wasiwapime kwa sifa zao za zamani. Mwanachama anayetoka pembeni asichekwe wala asiachwe peke yake. Aulizwe anavyojihisi, na apewe mtu wa kukaa naye mpaka hali yake itakapotulia.