BREKI ZIKIWA LAINI, TOA UPEPO



Vijijini bado ziko Land Rover za zamani, aina ya Series III. Zilitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Hubeba wagonjwa, mbolea na watu wa harusi. Ni magari imara, lakini uzee ni uzee.

Siku moja tulipanda gari la namna hiyo tukiteremka mlima. Dereva alikanyaga breki, gari halikupunguza mwendo. Alipokanyaga mara ya tatu, ndipo likashika. Sote kimya! Tulipofika chini tukamwuliza. Akasema, "Ah, ni upepo tu. Mimi nimezizoea." Ndugu zetu, breki mbovu hazizoeleki.

Ukikanyaga pedali, unasukuma mafuta ya breki. Mafuta hupita katika mirija myembamba mpaka kwenye kila gurudumu. Huko husukuma lainingi, nazo hubana diramu. Mafuta hayabonyei, lakini upepo hubonyea. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu kwa kidole, halafu sukuma. Mpini unashuka, kisha unarudi, sivyo? Basi upepo ukiingia katika breki, nguvu ya mguu wako huishia kuubonyeza.

Kwanza tujue ugonjwa:

1. Pedali ni laini kama sifongo. Kuna upepo.

2. Pedali inazidi kushuka polepole wakati umeikanyaga. Mafuta yanavuja, au mipira ya ndani imekwisha. Rekebisha hapo kwanza. Gari lisitembee.

3. Pedali inakwenda chini, lakini ukikanyaga mara ya pili inapanda na kuwa ngumu. Lainingi ziko mbali na diramu. Zisogezwe kwanza.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Egesha gari mahali tambarare na uweke mawe kwenye magurudumu. Jaza tangi dogo la mafuta ya breki. Tumia mafuta mapya yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4. Usitie mafuta ya injini wala mafuta ya taa, maana huharibu mipira ya breki.

Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na tangi. Kwa gari lenye usukani kulia, ni la nyuma kushoto. Fuata la nyuma kulia, kisha la mbele kushoto. Malizia la mbele kulia.

Nyuma ya gurudumu kuna skrubu ndogo ya kutolea upepo. Ivalishe mpira mwembamba. Tumbukiza ncha ya mpira katika chupa yenye mafuta ya breki kidogo. Mwenzako akanyage pedali na kuishikilia. Legeza skrubu kidogo. Utaona mapovu. Kaza skrubu, halafu umwambie, "Achia!" Akiachia kabla hujakaza, upepo utarudi ndani. Rudieni mpaka mapovu yaishe.

Tazama tangi kila mara. Likikauka, mtaanza upya. Mafuta yaliyotoka usiyarudishe, na yasikuingie machoni.

Mwishoni pedali iwe ngumu, tena ibaki juu. Jaribu gari polepole mahali tambarare, bila abiria. Kama pedali bado ni laini, mwite fundi. Na wewe abiria, ukiona dereva anakanyaga breki mara tatu, usinyamaze kama tulivyonyamaza sisi. Mwambie asimame, ushuke.