Polima Inayokataa Maji ya Moto

Polima ni molekuli ndefu iliyoundwa kwa vipande vidogo vingi vinavyofanana na kuungana mfululizo, na miongoni mwa polima zinazoyeyuka katika maji imo moja, poli-N-isopropilakrilamidi, ambayo huyeyuka maji yakiwa baridi na hujitenga nayo yakipata joto. Mwaka 1968 Heskins na Guillet walichapisha uchunguzi kuhusu tabia hiyo, na mpaka wake unajulikana kuwa karibu na nyuzijoto 32 za Selsiasi: chini yake myeyusho ni mwangavu, juu yake hugeuka mweupe, na ukipoa hurudia hali yake ya awali.

Si sahihi kusema, kama inavyosemwa mara nyingi, kwamba polima hii huogopa joto, kwa maana kinachobadilika kwanza ni mpangilio wa maji yanayoizunguka. Kila kipande chake kina upande unaoyashika maji na upande wenye asili ya mafuta, ambao maji hayawezi kuushika, hivyo hulazimika kujipanga kwa utaratibu maalumu kuuzunguka. Utaratibu huo una gharama, na gharama hiyo huongezeka kadiri joto linavyopanda, hadi maji yanapojinasua na kuuacha mnyororo ujikunje kuwa donge. Kisha madonge hukusanyika na kutawanya mwanga, ndiyo maana myeyusho huonekana mweupe.

Safaktanti, yaani kemikali za jamii ya sabuni zenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakwepa, huvuruga hesabu hiyo. Sodiamu dodesili salfeti, ambayo hutumika katika dawa nyingi za meno, ikiwa peke yake katika maji huanza kuunda miseli, yaani vifundo vya molekuli zilizoficha mikia ndani, inapofikia takriban gramu 2.4 kwa lita. Penye polima hii haingoji kiasi hicho, bali hujishikiza kwenye mnyororo mapema zaidi, na kwa kuwa vichwa vyake vyote vina chaji hasi na husukumana, mnyororo hubaki umekunjuka hata maji yapitapo nyuzijoto 32. Chumvi ya mezani hufanya kinyume: huushusha mpaka.

Nchini Japani, Teruo Okano na wenzake walipaka polima hii kwenye vyombo vya kuoteshea seli. Kwa nyuzijoto 37 seli hushikamana na chombo, na kikipozwa hadi karibu 20 polima hunywa maji na seli hubanduka zikiwa utando mzima, bila kukatwakatwa na vimeng'enya. Mwaka 2004 utando wa aina hiyo, uliooteshwa kutokana na seli za kinywa cha mgonjwa mwenyewe, uliripotiwa kupandikizwa kwenye konea za wagonjwa wanne.

Kutumia polima hii kutengeneza kibeba dawa cha kupita ndani ya mwili ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu utumbo una chumvi za nyongo, ambazo nazo ni safaktanti, na mpaka uliopimwa katika maji matupu hauwezi kutegemewa humo kabla ya kupimwa upya.