Kane alitemwa akiwa na miaka minane, dogo wako je?

HARRY Kane alikuwa na miaka minane tu Arsenal walipomchukua kwenye timu yao ya watoto mwaka 2001. Alikaa msimu mmoja, akatemwa. Dogo alikuwa bonge kidogo, mbio hana, na wakubwa wa akademi wakaona hapo hakuna mchezaji.

Kilichofuata kila shabiki anakijua. Tottenham walimbeba mwaka 2004 akiwa na miaka 11, na hadi anaondoka kwenda Bayern Munich mwaka 2023 alikuwa ameifungia timu hiyo mabao 280, mengi kuliko mchezaji yeyote katika historia yake. Arsenal wenyewe aliwatungua mara kibao. Timu ya taifa ya England nako, ndiye kinara wa mabao wa muda wote. Liam Brady, aliyekuwa bosi wa akademi ya Arsenal wakati huo, alikuja kukiri kwamba walikosea.

Arsenal hawakuwa wajinga. Walifanya kosa linalofanyika kila Jumamosi asubuhi kwenye viwanja vya vumbi vya Dar es Salaam, Mwanza na Mombasa. Walimpima mtoto kwa kipimo cha mtu mzima.

MIEZI MICHACHE, PENGO KUBWA

Kane alizaliwa Julai 28, 1993. Kwa England, rika la watoto kwenye soka huhesabiwa kuanzia Septemba 1 hadi Agosti 31. Maana yake, kwenye kundi lake alikuwa anashindana na watoto waliozaliwa Septemba 1992, waliomzidi karibu miezi 11.

Kwa straika wa miaka 25, miezi 11 si kitu. Kwa mtoto wa miaka minane ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya maisha yake yote. Ndiyo maana watafiti waliochunguza akademi za Ulaya wamekuta jambo lile lile kila walikopita: waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka wa kuhesabia wamejaa, waliozaliwa mwishoni ni wa kuhesabu. Vipaji havichagui mwezi wa kuzaliwa. Makocha ndio wanaochagua miili.

Pale rika linapohesabiwa kuanzia Januari, mzigo huo anaubeba mtoto wa Novemba na Desemba.

Na mwili wenyewe una ratiba yake. Kuanzia miaka sita hadi kumi na kidogo, mtoto hurefuka taratibu, wastani wa sentimeta tano au sita kwa mwaka. Kurefuka kwa kasi huja baadaye, wavulana wengi wakiwa na miaka 13 au 14, wasichana wakiwatangulia kama miaka miwili. Watoto wawili wa miaka 10 wanaweza kupishana urefu hata sentimeta 15, na wote wakawa wazima kabisa. Kocha anayembeba yule mrefu kwa sababu anapiga mashuti ya mbali, baada ya miaka minne anaweza kushangaa wenzake wamemfikia na mguuni hana kitu.

KUNDI LA NYUKI

Nenda uwanjani uangalie watoto wa miaka saba wakicheza. Mpira ukienda kulia, wote kulia. Ukienda kushoto, wote kushoto, kama nyuki. Pembeni kuna mtu mzima anapiga kelele: “Tanua! Kaa kwenye namba yako!”

Anapoteza sauti yake bure. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alieleza kwamba ni kati ya miaka saba na 11 ndipo mtoto anapopanua uwezo wa kushika mambo zaidi ya moja kichwani kwa pamoja na kuona kitu kwa jicho la mwenzake. Pasi nzuri inadai hayo yote: uone mpira, umuone mwenzako, na ujue yeye anaona nini. Wa miaka saba anauona mpira tu. Hajakaidi, bado hajafika.

Umri huo huo ndio mtoto anaanza kujilinganisha na wenzake. Mdogo kabisa anaamini akijitahidi sana basi yeye ni hodari sana. Akifika miaka minane, tisa, anajua nani anaanza na nani anasugua benchi, na anaanza kujiuliza kama anaweza au hawezi. Akiambiwa mara tatu mbele ya wenzake kwamba yeye ni garasa, ataamini.

WAJERUMANI WARUDI KWENYE CHANDIMU

Goli la kawaida lina urefu wa mita 2.44 na upana wa mita 7.32. Kipa wa miaka tisa ana kama mita 1.30. Ukimweka hapo humfundishi kudaka, unamfundisha kufungwa.

Ujerumani wameliona hilo. Kuanzia msimu wa 2024/25, watoto wa chini ya miaka saba wanacheza wawili kwa wawili au watatu kwa watatu, kwenye viwanja vidogo vyenye vigoli vinne. Mpaka umri wa miaka 11 hakuna msimamo wa ligi. Hans-Joachim Watzke, aliyekuwa bosi wa Borussia Dortmund, aliupinga mpango huo hadharani akihofia watoto watasahau kushindana. Lakini kushinda bado kupo: anayeshinda anapanda uwanja wa juu, anayefungwa anashuka kukutana na wa saizi yake. Kilichoondoka ni jedwali, na kile kisingizio cha kumweka mtoto benchi ili pointi zisipotee.

Norway walitangulia. Huko msimamo na orodha za washindi haziruhusiwi mpaka mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 11. Erling Haaland alikulia kwenye utaratibu huo mjini Bryne, na hakuna anayesema hajui kushindana.

Ukiutazama vizuri mpango wa Wajerumani, ni chandimu. Wachezaji wachache, goli la ndala mbili au tofali, kila mtu anagusa mpira, hakuna kocha wa kufoka. Madogo wa uswahilini wanacheza hivyo kila jioni bila kuandikiwa kanuni.

Shida inaanza kombe likitajwa. Hapo ndipo anatafutwa mwenye miaka 13 “apunguzwe” umri acheze na wa 10, na yule mdogo wa Desemba mwenye mguu mtamu anaambiwa abebe maji.

Kwa mzazi na kocha, dawa haihitaji bajeti. Gawa watoto timu ndogo ndogo. Hesabu dakika za kila mmoja, asiwepo wa kurudi nyumbani bila kucheza. Na kabla ya kumkata mtoto, uliza amezaliwa mwezi gani.

Kane alibahatika kupata mlango wa pili, na London ina klabu nyingi. Dogo wa mtaani kwetu mara nyingi ana timu moja tu ya kuendea, na akirudishwa hapo, anaacha mpira.