Mtoto Mwenye Kipaji Asifichwe na Lugha

Katika maduka ya Old Town, sehemu kongwe ya mji wa Lilongwe, nchini Malawi, Kiswahili kimesikika kwa miaka mingi sambamba na Kichewa. Wasemaji wake wengi ni wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, walioandikishwa katika kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Mwaka 2023 serikali ilipowahimiza kwa nguvu warejee kambini, baadhi ya watoto walilazimika kuacha shule walizokwisha kuzizoea.

Miongoni mwa watoto hao, bila shaka, wamo wenye akili ya pekee. Swali ni hili: nani atawatambua?

Malawi ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1981 Rais Kamuzu Banda alifungua shule ya Kamuzu Academy huko Mtunthama, wilayani Kasungu, karibu na mahali ambapo, kama isimuliwavyo, alijifunza herufi zake za kwanza chini ya mti. Watoto walioshinda mitihani walichaguliwa kutoka kila wilaya, nao walisomeshwa Kilatini na Kigiriki na walimu kutoka ng'ambo. Hivyo mtoto wa mkulima aliweza kuketi dawati moja na mtoto wa waziri. Lakini neema hiyo ilitegemea utashi wa mtawala mmoja. Banda alipoondoka madarakani mwaka 1994, fedha za serikali zilikatika, na shule ikawa ya wenye uwezo wa kulipa ada.

Mwaka huohuo elimu ya msingi ilifanywa bure. Wanafunzi waliongezeka kutoka kama milioni 1.9 hadi karibu milioni 3. Lilikuwa jambo jema, lakini madarasa yalifurika, na mwalimu mwenye umati mbele yake ni vigumu kumwona mtoto aliyekwisha kuielewa hesabu kabla haijaandikwa ubaoni.

Hapa Tanzania tunazo shule za serikali za wenye vipaji, kama vile Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala na Msalato, ambazo huchagua kwa mtihani wa darasa la saba. Tusisahau, hata hivyo, kwamba mtihani hupima pia lugha. Mwalimu Nyerere aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Nyumbani alizungumza Kizanaki. Masomo aliyapata kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Mwaka 1937 aliingia shule ya serikali ya Tabora. Kuchelewa kuanza hakukuwa dalili ya uzito wa akili.

Funzo hilo lahitajika Dzaleka. Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa huko Kongo huwekwa darasa la chini akajifunze Kichewa na Kiingereza. Kimo chake huwapita wenzake, naye akikaa kimya hudhaniwa mzito. Huenda kichwani mwake anakokotoa mambo ambayo hana maneno ya kuyaeleza.

Wazazi hawana budi kusaidia. Mtazameni mtoto nje ya daftari: aulizaye maswali yasiyokwisha, atengenezaye redio iliyoharibika, ahesabuye chenji upesi kuliko mteja. Mpeni vitabu kwa lugha anayoijua huku akijifunza ile ya shule. Mwendeeni mwalimu, mumweleze aliyoyasoma zamani. Wala msimbebeshe binti kazi zote za nyumbani huku kaka yake akisoma.

Milango ipo, ingawa ni myembamba. Mpango wa wanafunzi wakimbizi wa Kanada, ulioanza mwaka 1978, umewachukua vijana wa Dzaleka kwenda vyuo vikuu. Tangu mwaka 2010 masomo ya chuo kikuu yamefundishwa pia kambini kwa njia ya intaneti. Lakini milango hiyo humfaa kijana aliyekwisha kumaliza sekondari. Aliyedhaniwa mzito akiwa darasa la tatu hatafika hapo.

Shule teule ni jambo jema, na serikali zizilinde zisiishie mikononi mwa wenye fedha. Hata hivyo, kazi ya kwanza ni ya shule ya kawaida na ya nyumbani: kumsikiliza mtoto kabla ya kumpa alama.