Chicago: kibaraza kinatitia, biashara inapanda

Theluji ikianza kuyeyuka mwezi Machi, simu za kampuni za kuzuia maji majumbani mjini Chicago hazipumziki. Malalamiko ya wenye nyumba ni yale yale: kibaraza cha mbele kimetitia, ngazi zimeachana na ukuta, na huko chini, katika besimenti, maji yanachuruzika ukutani. Wengi huita kampuni mbili na kulipa mara mbili, ilhali mara nyingi ugonjwa ni mmoja.

Chanzo kiko kwenye ujenzi wenyewe. Baridi ya huko hugandisha ardhi, hivyo msingi wa nyumba unatakiwa ushuke kama inchi 42, yaani sentimita 107 hivi, ili barafu isiunyanyue. Kwa kuwa shimo lilikuwa lazima lichimbwe, wajenzi waliongeza kina kidogo wakapata chumba kizima cha chini ya ardhi, cha kuweka tanuri la kupasha nyumba joto na mashine ya kufulia. Jiji lina nyumba za matofali za aina ya bangalo zipatazo 80,000, zilizojengwa kati ya 1910 na 1940, na besimenti ni sehemu ya umbo lake.

Shimo la namna hiyo huchimbwa pana kuliko nyumba ili fundi apate pa kusimama. Ukuta ukiisha, pengo hufukiwa kwa udongo uliotoka humo humo, tena bila kushindiliwa sawasawa. Juu ya kifusi hicho ndipo kinapokaa kibaraza, kwa kuwa mlango uko hapo. Kifusi kinashuka mwaka hadi mwaka na kibaraza kinakifuata. Kikiinamia barabarani, ufa unafunguka baina yake na ukuta. Kikiinamia nyumbani ni balaa zaidi, maana kila mvua inapelekwa msingini. Maji hayo yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9 na kuzidi kutanua nyufa. Ardhi yenyewe sehemu nyingi ni mfinyanzi ulioachwa na barafu ya kale, haunywi maji upesi, kwa hiyo yanatuama katika lile pengo lililofukiwa na kuusukuma ukuta.

Kuinua kibaraza ni kazi yenye ushindani mkubwa. Njia ya zamani ni kutoboa jamvi la zege na kusukumia chini yake uji mzito wa saruji na udongo mpaka linyanyuke. Njia mpya inatumia povu la poliyurethani: matundu ni madogo, povu hukauka kwa dakika chache, na halielemei kifusi ambacho tayari kimeshindwa kubeba. Bei yake ni kubwa zaidi. Kibaraza kizito hushikiliwa kwa nguzo za chuma zinazozungushwa ardhini kama parafujo mpaka zifike udongo mgumu, uvumbuzi wa Alexander Mitchell, mhandisi kipofu wa Ireland aliyeupatia hataza mwaka 1833. Zege likiwa limeoza, hakuna ujanja: livunjwe, lijengwe jingine juu ya msingi wake wenyewe.

Pesa nyingi lakini ziko besimenti. Tiba kamili ni kuchimba nje mpaka chini ya msingi, kusafisha ukuta, kuupaka na kuuvika utando usiopitisha maji, kisha kulaza bomba la kuyaondoa. Kazi hiyo inakata miti, inabomoa kibaraza, na majira ya baridi haifanyiki kirahisi. Soko limeikimbia. Kinachouzwa zaidi ni mfumo wa ndani: sakafu inakatwa kuzunguka ukuta, linawekwa bomba lenye matundu ndani ya kokoto, maji yanaelekezwa kwenye shimo, na pampu inayatupa nje. Mbinu hii ina asili mashambani. Henry French wa Massachusetts aliieleza mwaka 1859 katika kitabu cha kutoa maji kwenye mashamba. Kikosi kidogo huimaliza kazi kwa siku chache, kiangazi au majira ya baridi. Mnunuzi ajue tu kwamba mfumo huo hauzuii maji kuingia. Unayapokea na kuyasindikiza. Dhoruba ikikata umeme, pampu inalala wakati inapohitajika zaidi, ndiyo maana betri ya akiba huuzwa papo hapo.

Mambo mawili yanaipa biashara hii nguvu. Bima ya kawaida ya nyumba Marekani hailipi maji yanayopenya kutoka ardhini, wala kutitia kwa msingi, kwa hiyo gharama ni ya mwenye nyumba. Pili, sheria ya Illinois inamtaka muuzaji wa nyumba atamke kama anajua besimenti ina tatizo la kuvuja mara kwa mara. Cheti cha waranti kinachohamishika kwa mnunuzi kimekuwa bidhaa yenyewe.

Wenye mitaji wameliona hilo. Basement Systems ya Connecticut, iliyoanzishwa 1987, ilijenga mtandao wa mawakala. Groundworks ya Virginia, iliyoanza 2016, imekuwa ikinunua kampuni za kifamilia jimbo baada ya jimbo. Ukubwa una faida zake, hasa kwa waranti, ambayo haina maana kampuni ikifa. Lakini ukubwa unadai mauzo, na yule anayekuja kwa "ukaguzi wa bure" mara nyingi ni mchuuzi wa kamisheni.

Mchuuzi huyo hana anachopata kwenye tiba ya bei nafuu. Mvua ya milimita 25 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 2,500. Zikimwagika mguuni pa ukuta kwa sababu gata za paa zimeziba au bomba lazo ni fupi, zitaingia tu. Bomba la kuyasogeza maji mita mbili au tatu, udongo ulioinuliwa ushuke sentimita 15 katika mita tatu za kwanza, na kibaraza kilichorudishwa mteremko wake na kuzibwa ufa wake kwa mpira wa kuziba: hiyo ni kazi ya fundi wa kawaida.

Maji taka yanayorudi kupitia bomba la sakafuni ni kesi nyingine kabisa. Chicago, ambayo maji ya mvua na ya choo hupita mfereji mmoja, ilichimba maili 109 za mahandaki ya kuyahifadhi, yakakamilika 2006. Hata hivyo mvua za Julai 2023 zilijaza besimenti nyingi za magharibi mwa jiji. Hapo dawa ni vali ya kuzuia maji kurudi, si mfereji wa ukutani.

Familia zinazozungumza Kiswahili, nyingi zenye asili ya Kongo, sasa zinanunua nyumba katika miji ya aina hii. Shughulikieni gata na mteremko kwanza, kisha kibaraza, msubiri mvua kubwa mbili tatu. Besimenti ikiendelea kuvuja, mlipeni mhandisi asiyeuza chochote, ndipo mtafute bei kwa kampuni tatu. Ukishatia sahihi sebuleni kwako, kanuni ya shirikisho kwa kawaida inakupa siku tatu za kazi kuvunja mkataba. Na anayetaja bei kabla ya kutoka nje kuangalia gata zako, muage.